Fundi kaniambia "shingo nimeikaza", kumbe hata kifuniko hajafungua

Naandika nikiwa bado na hasira kwa hiyo msitegemee upole hapa.

Gitaa langu la besi nyuzi zilikuwa juu, juu kweli, ukiweka rula freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo) unasoma milimita 4 kwenye uzi mnene, wakati hapo ukiwa na 2.5 na kwenye ule mwembamba 2 hivi unapiga raha mustarehe. Mazoezi hayajafika mbali mkono ushakaza, na kila noti unayobonyeza inapanda kidogo maana uzi lazima uuvute sana mpaka ufike kwenye freti. Nikampelekea fundi, anasifiwa huyo balaa, akaniahidi ataseti vyote, shingo, briji (pale nyuzi zinapokalia kwenye bodi) na tyuni, na jeki (tundu la kuchomekea kebo) pia maana ilikuwa inakatakata.

Siku ya kuchukua nakuta kweli zimeshuka. Napiga. Kuanzia freti ya 12 kuelekea kwenye bodi kila uzi unakwaruza, halafu katikati ya shingo, freti ya 5 mpaka 8, bado ziko juu! Mwenye kujua besi ashaelewa. Shingo imepinda kwa kuvutwa, nyuzi nne za besi zinavuta kwa zaidi ya kilo 60 muda wote, sio mchezo, na yeye kakimbilia briji kavishusha vile vikalio vya nyuzi mpaka vikalala kwenye bati, viskrubu vyake vikachomoza juu, ukilaza kiganja pale vinakukwangua.

Nikamuuliza kwa adabu kabisa, kaka shingo uliigusa? "Nimeikaza dada." Nikatazama kile kifuniko cha plastiki pale kichwani kinachoziba sehemu ya kukazia kile chuma kilichopita ndani ya shingo. Skrubu zake zimejaa vumbi, lile vumbi la zamani lililogandia mle kwenye msalaba, bisibisi haijaingia mle hata kwa bahati mbaya. Nikamwonyesha kwa kidole. Unajua kanijibu nini? "Besi inataka vidole vya kiume, dada, wewe ungekazana na kuimba." Mbele ya wateja, na wakacheka!! Na hela ya kukaza shingo kaichukua.

Sasa niwe mkweli, jeki katengeneza vizuri mno. Kachomea waya safi, nukta ndogo inang'aa, tangu hapo haijawahi kukata hata nikivuta kebo. Kwa jeki peke yake ningempa nyota 5 bila kufikiria.

Ila ile shingo mnajua nani kaitengeneza? Mimi, na hivi vidole vyangu. Unabonyeza uzi mnene freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, unaangalia nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya 7 au 8. Inatakiwa milimita 0.3 hivi, yangu ilipitisha kadi ya benki ikapwaya. Nikalegeza nyuzi, nikafungua kifuniko (vumbi likapeperuka, ushahidi huo), spana ya L ndani, nikazungusha kulia robo mzunguko tu, nikatyuni, nikaiacha itulie, nikapima tena. Usizidishe robo kwa mara moja maana ukivunja kile chuma ndo umeua shingo. Nafasi ilipokaa sawa ndo nikapandisha vikalio kidogo kidogo mpaka mkwaruzo ukaisha, na mwisho nikacheki noti ya freti ya 12 kwa tyuna, maana ukipandisha au kushusha nyuzi na hiyo inahama. Kazi ya jioni moja, fundi mzima imemshinda, au kaona uvivu, sijui hata kipi kinaniudhi zaidi.

Nyota 3. Ngoja, nikikumbuka kile kicheko, 1. Kwanza hata hela hajarudisha, anasema "kazi imefanyika".

Tatizo lililobaki ni kwamba poti ya volyumu (ile ya kuzungusha kuongeza na kupunguza sauti) imeanza kukwaruza nikiizungusha na kwa kuchomea waya simjui mwingine anayemfikia huyu mtu, kwa hiyo nitampelekea, ndiyo, nichekeni. Ila naenda kung'oa shingo kwanza, zile skrubu nne za nyuma natoa, nampa bodi peke yake.