Walt Disney World kwa kiti mwendo na skuta: barabara ni nzuri, kazi iko kwenye kupanda

Kwa mtu anayetembelea kwa magurudumu, Walt Disney World ya Florida inastahili sifa inazopewa. Bustani zake zote nne za burudani, yaani Magic Kingdom (1971), EPCOT (1982), Hollywood Studios (1989) na Animal Kingdom (1998), zina njia pana, rampu kila penye kimo, vyoo ambavyo mtu anaweza kuingia na msaidizi wake, na mabasi yanayopakia skuta, yaani vigari vidogo vya umeme vya kukalia. Huko njiani hakuna shida kubwa. Shida inaanza unapofika kwenye mchezo wenyewe (kivutio unachopanda au kutazama), pale kiti chako kinapoishia na kiti cha mchezo kinapoanzia.

Familia nyingi hupanga kwa kuangalia umbali tu. Mzazi ametoka Dar au Mombasa kuja kuwaona wanawe Texas au Minnesota, magoti yanamsumbua, kutembea kutwa nzima hawezi, basi anakodiwa skuta na mambo yanaonekana yamekwisha. Skuta inatatua umbali kweli, lakini michezo mingi ya pale haiipokei. Ndiyo maana sisi tunashauri muanze na orodha ya michezo anayoitaka, kisha ndipo mchague chombo.

Bustani zimegawa michezo katika makundi manne, na alama zake zipo kwenye ramani na kwenye programu ya simu ya My Disney Experience. Kundi la kwanza unaingia na skuta yako na kubaki juu yake: maonyesho ya ukumbini kama Mickey's PhilharMagic, Carousel of Progress, na njia za kutazama wanyama. La pili linapokea kiti mwendo cha kusukumwa, lakini skuta inabaki nje. La tatu unalazimika kuhamia kwenye kiti cha mchezo. La nne ni lazima uweze kutembea, basi. Humo wamo Peter Pan's Flight na PeopleMover, ambako unapandia mkanda unaotembea, na Swiss Family Treehouse, ambayo ni ngazi mwanzo mwisho.

Kundi la pili ndilo watu hulipuuza, na ndilo tamu kuliko yote kwa asiyeweza kuhama. Limo ndani yake Jungle Cruise, "it's a small world", The Little Mermaid na Winnie the Pooh pale Magic Kingdom; Living with the Land na Gran Fiesta Tour pale EPCOT; Toy Story Mania pale Hollywood Studios; na Kilimanjaro Safaris pale Animal Kingdom. Kila mmoja una mashua, behewa au lori lenye nafasi ya kiti mwendo. Aliyekuja na skuta hapa huhamishiwa kwenye kiti cha kusukumwa kinachotolewa mlangoni, halafu mtu wa kundi lake ndiye anayemsukuma. Hapo ndipo wazee wawili waliokuja peke yao hukwama: mmoja yuko kwenye skuta, mwenzake hana nguvu za kusukuma. Kiti mwendo cha umeme nacho hakikubaliki kila mahali panapokubali cha kusukumwa, kwa hiyo ulizeni kabla ya kushika foleni.

Jambo jingine la kundi hili: vyombo maalumu ni vichache, na idadi ya viti mwendo vinavyoruhusiwa ndani kwa wakati mmoja ina kikomo, kwa sababu dharura ikitokea kila mtu lazima atolewe. Mashua tano za kawaida zinaweza kupita mbele yako ukiwa umeketi unasubiri yako. Si dharau. Ila anayedhani kiti mwendo kinapunguza kusubiri atashangaa.

Sasa kuhama kwenyewe, yaani kundi la tatu. Wahudumu hawaruhusiwi kumbeba wala kumnyanyua mgeni. Watasimamisha mkanda, watasogeza behewa, watashika kiti kisiteleze, lakini mwili wa mgeni ni kazi yake na ya watu wake. Kwa hiyo jueni mnakwenda kukutana na nini. Space Mountain ina viti vya chini sana, miguu ikinyooshwa mbele. Kuingia ni kujishusha karibu sakafuni, na kutoka ni kujiinua kutoka huko kwa nguvu za mikono. Pirates of the Caribbean unashuka kuingia kwenye mashua. Haunted Mansion unapandia mkanda unaotembea, ila ukimwambia mhudumu mapema wanaweza kuupunguza mwendo au kuusimamisha. Avatar Flight of Passage unakaa kama mtu aliyepanda pikipiki, kifua mbele, na vishikizo vinabana mgongo na ndama za miguu. Mwenye nyonga ngumu au mguu usiokunjika ajaribu kwanza kile kiti cha mfano. Soarin' ndiyo rafiki kuliko yote ya kundi hili: ni kiti cha kawaida chenye mgongo, unakaa kama unavyokaa kwenye ndege.

Zoezi la nyumbani ni rahisi. Kaa kwenye stuli fupi, kimo cha sentimita 30 hivi, kisha inuka bila kuvutwa. Ukiweza, michezo mingi ya kundi la tatu iko wazi kwako na skuta inakufaa. Usipoweza, chukua kiti cha kusukumwa chenye sehemu za kupumzishia mikono zinazotoka au kuinuka, maana zikiwa zimefungwa moja kwa moja utalazimika kuruka juu yake badala ya kuteleza kando. Funga breki zote mbili na ukunje vikanyagio kabla ya kujisogeza. Kiti kinachorudi nyuma katikati ya kuhama ndicho kinachoangusha watu.

Kuhusu foleni, uvumi wa zamani kwamba wenye viti mwendo hupitishwa mbele uachwe. Foleni nyingi zina upana wa kutosha, hivyo unasubiri na wenzako kama kawaida. Pale ambapo njia ya foleni ni nyembamba au ina ngazi, hasa kwenye michezo ya zamani ya Magic Kingdom, unaelekezwa mlango mwingine au unapewa saa ya kurudi inayolingana na urefu wa foleni. Ule mpango wa Disability Access Service, unaompa mwenye ulemavu saa ya kurudi badala ya kukaa kwenye foleni, ulibadilishwa Mei 2024 na sasa unalenga hasa wenye matatizo ya ukuaji kama usonji, wanaoshindwa kukaa kwenye foleni kwa muda mrefu. Maombi hufanywa kwa mazungumzo ya video. Ugumu wa kutembea peke yake haukupi nafasi humo. Mnaweza kuukubali au kuuchukia uamuzi huo, na wengi wameuchukia, lakini msiufikishe getini kama hoja.

Kukodi. Ndani ya bustani kiti cha kusukumwa kilikuwa dola 12 kwa siku kwa miaka mingi, na skuta dola 50 pamoja na amana ya dola 20 inayorudishwa. Bei hupandishwa, basi hakikisheni kabla. Mpango huu ndio sehemu dhaifu kuliko zote katika huduma nzima. Huwezi kuweka nafasi, anayewahi ndiye anayepata, na siku za msongamano skuta huisha asubuhi. Pia chombo hakitoki nje ya geti. Magic Kingdom hili linauma zaidi, kwa sababu ukija na gari unaegesha mbali, unapanda kivuko au treni ya reli moja, na safari yote hiyo unaifanya kwa miguu kabla ya kufika dirisha la kukodi. Ukihamia bustani nyingine siku hiyohiyo, tunza risiti. Inakupa chombo kingine bila kulipa tena, kama kipo. Dereva wa skuta lazima awe na miaka 18 au zaidi, na hairuhusiwi kumpakata mtoto, japo utawaona wanaofanya hivyo.

Kwa siku zaidi ya moja, kampuni za nje ni bora. Skuta inakuwa yako usiku na mchana, hotelini na kwenye mabasi, na kwa siku nyingi bei yake huwa nafuu. Kampuni nyingi hutakiwa kukukabidhi ana kwa ana hotelini, hivyo panga saa ya kukutana isiyogongana na saa ya ndege. Vipimo viangaliwe kabla ya kulipa: ndani ya bustani mwisho ni sentimita 91 kwa upana na 132 kwa urefu, lakini mabasi ya Disney yanabana zaidi, sentimita 81 kwa 122. Skuta kubwa ya magurudumu manne inaweza kuzunguka bustani bila neno, halafu ikakataliwa kituoni.

Basi huchukua vyombo viwili kwa kawaida. Dereva hushusha rampu, anampakia mwenye magurudumu kabla ya wengine, kisha anafunga chombo kwa mikanda. Kuiegesha skuta ndani kunataka kwenda mbele na kurudi nyuma mara kadhaa kwenye nafasi finyu huku abiria wakikutazama. Geuza kitufe cha mwendo kiwe chini kabisa kabla hujapanda, maana skuta ikiruka ndani ya basi inavunja magoti ya watu. Skyliner, vile vibanda vinavyoning'inia kwenye kebo, vilivyofunguliwa Septemba 2019, vina sehemu ya pembeni ambako kibanda kinasimama kabisa ili uingie bila haraka, ila havina kiyoyozi. Treni ya reli moja huwekewa rampu ya mkono. Mashua ndogo hutegemea kina cha maji siku hiyo, zisiwe tegemeo lako la pekee.

Barabarani, hatari inayojulikana zaidi iko Main Street, mlangoni mwa Magic Kingdom: reli za lile behewa linalovutwa na farasi. Gurudumu la mbele la skuta ya magurudumu matatu huingia kwenye mfereji wa reli, usukani unajipinda, na dereva anaanguka upande. Zivuke kwa pembe ya mraba, kamwe usizifuate sambamba. Pale EPCOT, mzunguko wa mabanda 11 ya nchi ni kama kilomita 1.9 na sehemu kubwa ni tambarare, isipokuwa banda la Kanada lina ngazi na miteremko inayomchosha msukumaji.

Animal Kingdom ina sakafu inayotikisa kuliko zote. Kijiji cha Harambe kimejengwa kwa kuiga miji ya pwani ya Afrika Mashariki, Lamu hasa, na wajenzi wakaona vizuri kuchora hata nyufa na alama za matairi kwenye saruji. Msomaji wa Kiswahili atafurahia mabango ya ukutani. Magurudumu madogo ya mbele hayatafurahia chochote. Kilimanjaro Safaris iko hapohapo, na lori lake linarusha kwa makusudi. Mwenye maumivu ya mgongo au mgongo uliofanyiwa upasuaji afikirie mara mbili, kisha aende Gorilla Falls, ambayo hadi 2016 iliitwa Pangani Forest: ni njia ya kujiendeshea, sokwe wako nyuma ya kioo, na skuta inapita yote.

Skuta ikigoma, mara nyingi sababu ni ndogo. Kwanza angalia lever ya nyuma karibu na mota inayoiachia iweze kusukumwa kwa mkono. Mtu akiigusa bila kujua, skuta haiendi hata ikiwaka taa. Pili, tafuta kitufe kidogo cha fyuzi karibu na betri. Kikiruka kwa sababu ya mlima au mzigo, subiri dakika moja ukibonyeze kirudi. Tatu, kiunganishi cha betri kilicholegea. Kipimo cha chaji nacho hudanganya skuta ikiwa imesimama. Kisome ikiwa inatembea, ikiwezekana inapanda, ndipo kitasema kweli. Skuta ndogo ya kukunja yenye betri mbili za volti 12, amp-saa 12, hufika kama kilomita 11 hivi. Ya amp-saa 18 hufika 16. Uzito wa dereva, miteremko na mifuko hupunguza hesabu hiyo. Betri za risasi huhitaji saa sita hadi nane kujaa, hivyo chomeka usiku, kila usiku, hata kama kipimo kinaonyesha nusu.

Ukiegesha nje ya mchezo, ondoka na ufunguo na ufunge kitambaa cha rangi kali kwenye usukani. Wahudumu husogeza skuta kupanga nafasi, na za kukodi zinafanana kiasi kwamba mtu huondoka na isiyo yake bila nia mbaya. Majira ya joto kiti cheusi cha plastiki kilichokaa juani kinaunguza kweli. Kanga moja inatosha, unakifunika unapoingia mchezoni na kujitandikia ukirudi. Mvua ya mchana ya Florida huja ghafla. Funika usukani na vitufe vyake kwanza kwa mfuko wa plastiki, wewe baadaye, kwa sababu maji yakiingia kwenye vitufe skuta haitasonga mpaka ikauke.

Wanaosafiri na chombo chao kutoka Afrika Mashariki wana mambo mawili ya kukagua. Betri ya lithiamu inayotolewa inaruhusiwa hadi wati-saa 300, au mbili za 160 kila moja, na hubebwa ndani ya ndege. Zidisha volti kwa amp-saa: 24 mara 10 ni 240, inapita, 24 mara 20 ni 480, haipiti. Wajulishe shirika la ndege mapema na uwe na karatasi ya mtengenezaji inayoonyesha namba hizo. La pili ni chaja. Umeme wa Marekani ni volti 120, wa kwetu ni 230 hadi 240. Chaja iliyoandikwa 100–240 itafanya kazi kwa kubadili plagi tu. Iliyoandikwa 220–240 peke yake haitajaza betri hata ukiiacha usiku kucha, na adapta ya plagi haibadilishi volti.