Mkaa "Mkavu" Uliotoboa Khanga ya Mama Mkwe

Khanga yenyewe ilikuwa mpya, bado inanukia duka. Imeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE, na mama mkwe wangu aliivaa makusudi siku aliyofika kutoka Tanga, maana yeye ni mtu wa kutuma salamu kwa khanga. Cheche ikaruka kutoka kwenye jiko langu, ikatua juu ya herufi P, ikaila yote. Shemeji yangu, ambaye mdomo wake hauna breki, akasoma kwa sauti: "Mgeni njoo mwenyeji aone." Wakacheka wote isipokuwa mimi na mwenye khanga.

Mkaa ule niliununua kwa jamaa mmoja anayeuza mtandaoni hapa Dar na kukuletea mpaka mlangoni kwa bodaboda. Jina lake nalihifadhi, wala si kwa heshima. Tangazo lilijaa maneno matamu: mkaa wa mgunga, mkavu, vipande vikubwa, hauna moshi, maalumu kwa nyama choma na samaki, kiroba cha kilo 20 kwa elfu 30. Kilichonimaliza ni hiyo "kilo". Nimechoka na magunia ya lumbesa, juu vipande vimepangwa kama vya kupigiwa picha, katikati hewa, chini chenga. Nikasema huyu anapima kwa mizani, huyu mstaarabu.

Kumbe mizani ndiyo yenyewe. Ukiuza kwa kopo au kwa gunia, maji hayakuongezei senti, kwa sababu mkaa uliolowa unajaza kopo lile lile. Ukiuza kwa kilo, kila tone ni hela. Mimi na akili zangu nimekimbia chenga, nikaenda kununua maji.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba mkaa naujua. Baba mdogo alikuwa akichoma mkaa kule Kilosa, na likizo nyingi nimezimalizia pembeni ya tanuri lake la udongo. Alinifundisha kugonga vipande viwili. Vikilia kama sahani, chukua. Vikilia "dubu", ama vimelowa ama havikuiva. Kisha unavunja kimoja: ndani kiwe cheusi kinachong'aa. Ukiona mstari wa kahawia, ujue tanuri lilifunguliwa mapema, pengine fuso lilikuwa linasubiri na mwenye mali ana haraka, na hicho ni kijiti kilichovaa koti la mkaa. Kitakutoa machozi na samaki wako atanuka jiko la shule. Mkaa mwepesi sana, kama ule wa mwembe, unashika haraka na kwa chai unatosha, ila mbavu za mbuzi hazijaanza hata kutoa mafuta nao umeshakuwa majivu. Yote haya nayajua. Siku ile sikugonga hata kipande kimoja, kwa sababu kiroba kilikuwa kimeshonwa vizuri na kina picha ya ng'ombe.

Nikawasha kwa vifuu, kama kawaida yangu. Mafuta ya taa siyatumii, samaki anayameza yote. Nikapepea kwa mfuniko wa ndoo, nikangoja vipande vivae ule weupe wa majivu ndipo niweke wavu. Weupe haukuja. Ilikuja milio: pwa! pwa! kama bisi. Maji yaliyonasa ndani ya kipande yanageuka mvuke, yakikosa njia yanapasua. Watu wakaanza kusogeza viti. Mama mkwe hakusogea, ni mtu mzima, hawezi kukimbizwa na jiko. Mengine mshayajua.

Changu wawili wa soko la Feri, niliowalaza kwenye ndimu, tangawizi na kitunguu saumu tangu asubuhi, wakatoka weusi nje, wabichi mgongoni, na ladha ya kuni mbichi. Mvua za vuli nazo zikaanza kudondoka. Shemeji huyo huyo akashauri jiko liingizwe sebuleni. Nikakataa, tukanuniana, lakini hapo sirudi nyuma hata kidogo: hewa ya mkaa haina harufu na imeshalaza watu usingizi wa moja kwa moja. Tukaagiza chipsi.

Usiku nikampigia muuzaji, kwa adabu kabisa. Nikamwambia, kaka, mkaa wako umelowa. Akaniuliza, "Bosi, wewe uliagiza mkaa au dhahabu?" Nikamweleza habari ya cheche. Akasema labda sijui kuwasha. Mimi! Nikamweleza habari ya khanga. Kimya kidogo, kisha nikasikia anamsimulia mtu pembeni yake, wanacheka. Akakata simu. Ningesamehe mkaa uliolowa. Kicheko kile sikisamehe, na kwa sababu yake nilipanga kuandika kwamba mkaa huu ni takataka na mtu asiuguse.

Tatizo ni yaliyofuata.

Kile kilichobaki nilikimwaga juu ya bati, juani. Nikakipima dukani kwa Mangi kabla na baada: kilo 11 zikawa kilo 9 na robo kwa siku 3. Kwa hiyo hesabu ninayo, na mwizi ni mwizi. Halafu mke wangu akanunua kolekole, tukawasha tena, kwa shingo upande. Jamani, ule mkaa! Haukulia hata mara moja. Ulishika alasiri, nikaongeza mara moja tu, na baada ya isha bado ulikuwa mwekundu chini ya majivu. Nikaweka makumbi ya nazi yaliyoloweshwa pembeni, moshi wake ukapita taratibu, kolekole akatoka rangi ya asali. Ni mgunga kweli. Hakudanganya mti, alidanganya maji. Au labda hata maji si yake, maana kijana wa bodaboda alifika ameloa chapachapa na kiroba kilikuwa nyuma bila turubai. Ila tangazo linasema "mkavu", na aliyecheka hakuwa bodaboda.

Mama mkwe alikula mkia na kichwa, akanyonya mifupa, akajifuta mikono kwa khanga ile ile yenye tundu. Akasema, "Mwanangu, mkaa huu nitafutie viroba viwili niende navyo Tanga."

Mke wangu akaniangalia. Shemeji naye akaniangalia, tena yeye kwa furaha.

Nimempigia muuzaji asubuhi hii. Nilijitahidi kubadilisha sauti. Akasikiliza oda yangu mpaka mwisho, akasema, "Sawa bosi. Mama mzima lakini?" Nikamwambia mzima, alete siku isiyo na mvua, afunike turubai, na nitakata uzi wa kiroba mbele yake nigonge kipande kimoja kimoja. Amekubali kwa kila kitu isipokuwa bei. Imepanda, elfu 32.