Kumtafuta babu wa Kavani: maoni yangu kuhusu kumbukumbu za bure za Ireland

Nyumbani kwetu Ngamiani, zaidi ya jina lake, babu mzaa mama tulimjua kwa mambo matatu tu. Alikuwa mzungu fundi wa korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, kwenye shamba moja upande wa Muheza. Alitoka Kavani. Na alikuwa akimbembeleza mama kwa wimbo wa majina saba: Meri, Brijiti, Hyu, Pati, Roza, Jemsi, Keti. Aliondoka mama akiwa na miaka sita na hakurudi. Mama amezaliwa 1938, kwa hiyo hesabu mwenyewe ni muda gani.

Wimbo huo mama alituimbia sisi, nasi tukawaimbia watoto wetu. Mjomba alishikilia kuwa ni majina ya watakatifu. Kavani tukaamini ni meli, maana mama alikumbuka baba yake akisema huko maji yako kila upande.

Mimi nimestaafu ukarani bandarini hapa Tanga baada ya miaka 31 ya kushika makaratasi, na ninachoandika hapa ninakiandika kama mtu wa makaratasi. Nieleze kwanza pesa iliyopotea. Mwaka juzi nililipia kampuni moja ya nje, kwa kadi ya mpwa wangu, initafutie nasaba ya babu. Baada ya wiki wakaniletea mti wenye majina arobaini, umepambwa vizuri, shina lake liko Dublin, mji mkuu wa Ireland. Hapakuwa na nakala hata moja ya hati. Yule waliyesema ndiye babu yangu alifariki 1931, miaka saba kabla mama hajazaliwa! Nilipowaandikia habari ya Kavani na ule wimbo, wakajibu kuwa simulizi za familia si ushahidi. Niliumia, si kwa sababu ya pesa peke yake.

Kijana wa stesheneri moja ya Chumbageni ndiye aliyenifungulia sensa za Ireland za 1901 na 1911, ambazo Nyaraka za Taifa za nchi ile zimeziweka kwenye intaneti bure. Ukurasa wa kutafutia una orodha ya kaunti. Antrim, Armagh, Carlow, na ya nne kutoka juu: Cavan. Nilimwomba kijana aisome kwa sauti, kisha aisome tena. Ni kaunti ya kaskazini yenye maziwa madogo madogo chungu nzima. Maji kila upande.

Jina la ukoo silitaji hapa kwa sababu wenyewe wapo. Ila ukitafuta, jua kwamba Wairishi wengi walikuwa wameacha ile O' au Mac mbele ya majina yao, na baadaye wengine wakairudisha. O'Reilly usipompata, tafuta Reilly. Jambo la pili ni kitongoji. Ireland ina vitongoji zaidi ya 60,000, na kumbukumbu nyingi zimepangwa kufuata hivyo, kwa hiyo anayejua kaunti peke yake bado ana safari. Mimi sikujua kitongoji. Nilikuwa na wimbo. Nikafungua fomu za ukoo ule katika Cavan moja baada ya nyingine, siku nne, bando likiisha naongeza.

Fomu niliyoipata ni ya tarehe 31 Machi 1901. Nilichapisha nikaipeleka nyumbani, nikamsomea mama kibarazani. Baba wa nyumba, fundi viatu. Mkewe. Mama wa yule fundi viatu, miaka 61, hajui kusoma. Halafu watoto: Mary 12, Bridget 10, Hugh 8... Hapo mama akanipokea, akaendelea mwenyewe bila kuona karatasi, Pati, Roza, Jemsi, na fomu ikawa inamfuata. Jemsi, miaka miwili, ndiye babu.

"Na Keti?" akauliza.

"Keti hayumo, mama."

Akafikiri kidogo. "Basi alikuwa hajazaliwa, mwanangu."

Nikafungua ya tarehe 2 Aprili 1911. Keti yumo, ana miaka minane.

Uzuri wa huduma hii ni kwamba unaona karatasi yenyewe, sahihi ya baba wa nyumba na wino ulipokolea. Iko pia fomu ya nyumba: ukuta wa aina gani, vyumba vingapi, madirisha mangapi ya mbele. Yao ilikuwa ya mawe, madirisha mawili, paa la nyasi. Mama akasema, "Kumbe nao waliezeka nyasi."

Usishangae umri ukigoma. Yule bibi wa miaka 61 mwaka 1901, mwaka 1911 ameandikwa 74. Miaka kumi imepita, yeye amekula kumi na tatu. Pensheni ya wazee ilianza kulipwa Januari 1909 kwa waliofika miaka 70, na waliozaliwa kabla ya 1864 wengi hawakuwa na hati ya serikali ya kuonyesha umri wao. Uandikishaji wa vizazi na vifo vyote ulianza mwaka huo.

Mapungufu yapo. Sensa za nyuma karibu zote zimepotea, na kwa karani inauma kusoma namna zilivyopotea. Za 1821 hadi 1851 ziliteketea, isipokuwa mabaki, jengo la Four Courts la Dublin lilipoungua Juni 1922. Za 1861 na 1871 serikali yenyewe iliziharibu. Za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza karatasi ilipoadimika. Pia fomu karibu zote ziko kwa Kiingereza, picha ni nzito kwa simu, na safari ya babu kutoka Cavan mpaka Muheza haimo humo kabisa. Hiyo bado naitafuta huku kwetu.

Simulizi nazo si za kumezwa nzima. Annie Moore, binti wa Cork aliyekuwa mhamiaji wa kwanza kupokelewa Ellis Island, New York, tarehe 1 Januari 1892, kwa miaka mingi alidhaniwa ni mwanamke mwingine aliyeishi Texas. Mwaka 2006 hati zikaonyesha kuwa yule halisi aliishi New York mpaka kufa. Familia ya Texas haikudanganya, ilirithi hadithi isiyo yake. Mjomba naye na watakatifu wake nimemsamehe. Orodha za abiria za Ellis Island nazo ni bure, zinataja hata nauli ililipwa na nani. Brijiti nimemwona humo, 1908, anakwenda kwa dada yake.

Sensa ya 1911 ilimuuliza kila mwanamke aliyeolewa amezaa wangapi na wangapi wako hai. Mama yake babu alijibu tisa, na saba. Sikumwambia mama siku ile. Niliingia irishgenealogy.ie, tovuti ya serikali ya Ireland, ambako daftari za vizazi za zaidi ya miaka 100, ndoa za zaidi ya 75 na vifo vya zaidi ya 50 zinafunguliwa bila malipo. Nikawapata. Thomas, siku kumi na moja, mwaka 1894. Ellen, miezi saba, kifaduro, mwaka 1901. Aliyepeleka taarifa ya Ellen ni yule bibi asiyejua kusoma, na mahali pa sahihi ameweka alama ya X. Mstari wa kwanza wa ile X umekatika katikati, kama aliyeinua kalamu kisha akairudisha.

Natoa nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa ajili ya zile picha nzito.

Mama nilimwambia Ijumaa. Alinyamaza muda, kisha akaniuliza kila mmoja alizaliwa kati ya nani na nani, nikamtajia. Juzi jioni nimemsikia akimlaza kitukuu chake: Meri, Brijiti, Hyu, Tomasi, Pati, Roza, Jemsi, Elena, Keti.