Ruzuku ya Marekani ya Wataalamu wa Afya ya Akili Shuleni: Tathmini Yangu

Huduma ninayoitathmini hapa haiuzwi dukani wala mzazi haiagizi mwenyewe, lakini watoto wengi wa jamii yetu wanaosoma Marekani wameitumia bila kujua jina lake. Ni ruzuku mbili za Wizara ya Elimu ya serikali kuu. Ya kwanza huziwezesha shule kuajiri na kuwabakiza kazini washauri nasaha, wanasaikolojia wa shule na maofisa ustawi wa jamii. Ya pili huviunganisha vyuo vikuu na wilaya za elimu ili wanafunzi wa fani hizo wafanyie mafunzo yao ya vitendo ndani ya shule zenye uhaba. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili shuleni, kwa hiyo nimeziona kazini. Kauli yangu naitoa mapema: kazi yenyewe imefanyika vizuri, ila utaratibu wa malipo hauna uthabiti unaoistahili kazi hiyo.

Programu zote mbili zilikuwapo kabla ya mwaka 2022, zikiwa ndogo. Zilipanuliwa baada ya mauaji ya Uvalde, Texas, ambako wanafunzi 19 na walimu 2 waliuawa katika Shule ya Msingi ya Robb tarehe 24 Mei 2022. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 25 Juni, Rais Joe Biden alitia saini sheria iliyoungwa mkono na wabunge wa vyama vyote viwili, ambayo pamoja na mambo mengine ilitenga dola bilioni 1 kwa ruzuku hizi kwa muda wa miaka mitano. Haja ilikuwa dhahiri. Chama cha washauri wa shule cha nchi hiyo kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na kile cha wanasaikolojia wa shule kinapendekeza mmoja kwa wanafunzi 500. Lakini katika mwaka wa masomo 2023–2024 wastani ulikuwa wanafunzi 376 kwa mshauri na zaidi ya 1,000 kwa mwanasaikolojia. Wastani nao huficha mengi, kwa maana zipo shule za vijijini ambako mwanasaikolojia ni mtu anayefika na gari lake mara moja kwa juma, na siku yote ikaishia kwenye majalada ya elimu maalumu.

Ubora wa ruzuku ya pili, ambayo naipa alama za juu zaidi, ni kwamba ilishughulikia chanzo cha uhaba. Huwezi kuajiri mtu ambaye hajasomeshwa. Anayetaka kuwa mwanasaikolojia wa shule husoma shahada ya juu kwa takriban miaka mitatu, na ndani ya muda huo viwango vya taaluma vinamtaka afanye mafunzo kazini ya saa 1,200, ambayo mara nyingi hulipwa kidogo au hayalipwi kabisa. Mtu mwenye familia ya kulisha hawezi kumudu hayo. Ruzuku ililipa posho na karo, na kwa kawaida aliyefaidika aliahidi kuitumikia wilaya iliyompokea. Aidha, mashindano ya kuomba ruzuku ya wakati ule yaliweka kipaumbele kwa wataalamu wanaotoka katika jamii za wanafunzi au wanaozungumza lugha zao.

Kipaumbele hicho kinaweza kuonekana kama pambo la karatasi, lakini mimi nimekiona kikifanya kazi. Katika mji ninamofanyia kazi wapo Wakongomani wengi waliokuja kama wakimbizi, na mara nyingi mtoto anayeketi mbele ya mshauri ananifahamu kanisani au anajua kwamba ninamfahamu mama yake. Maswali yote ya mshauri anayajibu kwa maneno mawili, "niko bien" (niko sawa), huku akinitazama mimi badala ya anayemuuliza. Mwaka ule shule ilipompokea mwanafunzi wa ustawi wa jamii aliyezaliwa Bukavu, kazi yangu katika chumba kile ilikwisha, na ilistahili kwisha. Mvulana mmoja aliyekuwa hasemi alianza kuomba ruhusa ya kutoka darasani ili akaonane naye. Walizungumza kwa Kiswahili cha kwao, bila mtu wa tatu. Waliyoyazungumza siyajui, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Sasa upungufu. Fedha hizi hupatikana kwa ushindani wa maandiko ya maombi, na maandiko hayo yanahitaji mtu anayejua kuyaandaa. Wilaya ndogo yenye mhasibu mmoja inaanza ikiwa nyuma. Ruzuku ya kuajiri pia ilizitaka wilaya zichangie angalau asilimia 25. Haya yanavumilika. Lisilovumilika ni kwamba ruzuku inayotangazwa kuwa ya miaka mitano huendelezwa mwaka kwa mwaka kwa uamuzi wa Wizara. Mwishoni mwa Aprili 2025 Wizara, chini ya utawala mpya, iliwaarifu wapokeaji kwamba ruzuku zenye thamani ya takriban dola bilioni 1 hazingeendelezwa, kwa hoja kwamba zilikinzana na vipaumbele vya serikali, hasa katika masuala ya rangi na utofauti wa jamii. Taarifa hiyo ilifika wakati shule zikipanga watumishi wa mwaka unaofuata. Majimbo 16 yalifungua kesi katika mahakama ya serikali kuu mjini Seattle, na Oktoba 2025 Jaji Kymberly Evanson alitoa zuio dhidi ya uamuzi huo kwa ajili ya baadhi ya wapokeaji katika majimbo hayo. Wizara nayo ilikuwa imekwisha kutangaza mashindano mapya ya zaidi ya dola milioni 270, safari hii kwa wanasaikolojia wa shule tu. Washauri na maofisa ustawi wa jamii wakaachwa nje, ingawa kwa niliyoyaona hao ndio humfikia mtoto kwanza, kabla tatizo halijahitaji vipimo.

Je, ninaipendekeza? Kwa kusomesha, ndiyo, bila kusita. Kwa mishahara ya kudumu, hapana, isipokuwa wilaya ina mpango wa kuihamishia kwenye bajeti yake au kwenye malipo ya Medicaid, yaani bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, ambayo tangu serikali kuu ilipolegeza masharti mwaka 2014 yanaweza kugharimia huduma nyingi za shuleni kwa watoto waliosajiliwa. Mpango huo uandikwe mwaka wa kwanza, kwa sababu mwaka wa nne mtaalamu mzuri amekwisha kutafuta kazi kwingine. Wazazi nao wana nafasi yao. Vikao vya bodi ya shule kuhusu bajeti viko wazi kwa umma, na wilaya inayopokea fedha za serikali kuu ina wajibu wa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa. Kwa hiyo mwombeni mkalimani mapema, kisha ulizeni mshahara wa mshauri wa mtoto wenu unatoka kwenye fungu gani, na fungu hilo linakwisha lini.