Mstari Ukifutika, Umefutika Kweli? Vifaa vya Kuchorea Mfarishi wa Kitambaa Cheusi

Mfarishi ule, blanketi la tabaka tatu zilizoshonwa pamoja, ulikuwa wa kitambaa cheusi, na mteja wangu wa Tukuyu aliusubiri miezi miwili. Mistari ya kushonea niliichora kwa kalamu nyeupe ya kufutika kwa pasi, iliyokuwa kwenye paketi ya rangi nne niliyoinunua elfu nane hapa Mbeya mjini. Nikapiga pasi, mistari ikapotea, nikamkabidhi. Siku ya tatu akaurudisha. Tulipoutandaza juani nikaona mwenyewe: kila mstari umeacha kivuli cha kijivu, hata pale nilipokosea nikachora upya. Nililoweka, nikafua mara mbili, kivuli kikabaki palepale. Nikamrudishia hela yake yote.

Ndiyo maana sitawaambia kalamu ipi inang'aa zaidi wala ipi inadumu. Kila muuzaji atakuonyesha mstari unaong'aa. Mimi nauliza moja tu: ukishafutika, umetoka kwenye uzi au umejificha? Wino wa kufutika kwa pasi hautoki. Joto linaupotezea rangi, wenyewe unabaki mle mle. Kwenye kitambaa cheupe huwezi kujua, kwenye cheusi unakuumbua. Nilichukua kalamu nyekundu ya paketi ileile, nikachora kwenye kitambaa cheupe, nikapiga pasi hadi kikawa safi, nikakilaza kwenye friza. Asubuhi mstari ulikuwa umerudi. Baridi yetu ya Julai haifikii ya friza, hata kule Kitulo nyasi zinapoganda, lakini siwezi kumuuzia mtu mfarishi wenye mistari iliyolala ndani.

Namba moja kwangu ni hera ya Clover. Hii kampuni ya Japani naipenda na sifichi. Hera ni kipande cha plastiki chenye ukingo butu kama mgongo wa kisu, hakina wino wala poda. Unakiegemeza kwenye rula, unavuta kwa nguvu, kitambaa kinabonyea na kuacha alama inayong'aa kidogo. Hakuna cha kufuta. Cheusi kisicho na maua kinaipokea alama hiyo vizuri sana, mradi mwanga uje kwa ubavuni. Mimi hukaa dirishani asubuhi, na siku za mawingu mazito naahirisha kazi. Alama hupotea kitambaa kikishikwashikwa, kwa hiyo chora mistari mitatu, shona, ndipo uchore mingine. Kwenye jinzi na vitenge imenishinda.

Huko natumia Chaco Liner, ya Clover vilevile. Ina kigurudumu kidogo mbele na poda ya chaki ndani. Ukiiburuza inaacha mstari mwembamba, na ukikung'uta unatoka. Poda ikiisha unajazia. Chukua nyeupe, maana za rangi huwa zinang'ang'ania.

Kwa maua na michoro inayotakiwa kukaa wiki nzima, kuna kalamu nyeupe ya Clover. Ukichora huoni kitu! Subiri kama dakika moja wino ukauke, ndipo weupe unajitokeza. Inafutika kwa maji au kwa pasi, ila baada ya yaliyonikuta nafuta kwa maji peke yake, tena kabla pasi haijagusa kitambaa.

Kipande cha sabuni nyeupe, kama wanavyotumia mafundi wetu, kinatoka kikifuliwa lakini makali yake yanaisha upesi. Chaki ya nta iache kabisa: pasi inaiyeyusha na doa la mafuta linabaki.

Kinachoniuma zaidi ni madukani. Ukiomba kujaribu kalamu kwenye kitambaa chako unaambiwa ukifungua umenunua. Nimeuziwa chaki ya ubao iliyokatwa bapa nikaambiwa ni ya fundi. Yule aliyeniuzia paketi ya rangi nne nilimpelekea mfarishi wenyewe auone, akaniambia nilizidisha moto wa pasi. Na mwezi jana duka jingine lilinitajia hera moja elfu thelathini, eti mzigo umekuja kwa ndege, dada. Kipande cha plastiki kisicho hata na tone la wino! Nilimwagiza shangazi yangu aliyekuwa Dar, akaja nayo kwenye basi kwa elfu kumi na mbili.