TAHADHARI: "Avoka" wa majina ya tovuti anakula makuta ya watu Lubumbashi

Wandugu wenye butike, hoteli, mashule na wote wenye tovuti hapa mjini: kuna mtu anajiita avoka (wakili), anatuma barua kwa WhatsApp na imeli akidai jina la tovuti yako ni mali ya kampuni fulani ya Ulaya. Anataka dola 350 za "frais de dossier" (ada ya dosye) kwa M-Pesa ndani ya saa 48, la sivyo tovuti itazimwa na wewe utaitwa parke (ofisi ya mwendesha mashtaka). Msimlipe hata franka moja.

Barua yenyewe nimeisoma kwenye simu ya mama mmoja wa Katuba anayeuza vitenge, mteja wangu. Imepambwa kweli kweli: nembo ya OMPI (shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki) juu, muhuri mwekundu chini, Kifaransa kizito cha mahakamani. Lakini imeli imetoka Gmail, numero ya dosye hakuna, na kampuni inayodaiwa kulalamika inauza vipodozi. Mama huyu hajauza hata sabuni, na butike inaitwa kwa jina la marehemu mama yake. Nikampigia huyo avoka anayejiita "Metre" nikamwomba numero ya dosye. Akauliza kwanza mimi ni nani kwa Mama, kisha akashuka mpaka dola 200. Kesi gani hiyo inayopatanwa bei kama nyanya za soko la Kenya hapa mjini?

Uongo huu unashika kwa sababu kesi za kweli zipo. Mwenye alama ya biashara anaweza kulalamikia domeni (majina ya tovuti) za .com, .net au .org kwa utaratibu uitwao UDRP, ulioanzishwa mwaka 1999 na ICANN, shirika linalosimamia majina ya tovuti duniani, na OMPI ya Geneva ni kimoja cha vituo vinavyoziamua. Ila anayelipa ni mlalamikaji: pale OMPI ni dola 1,500 kwa domeni moja hadi tano, mwamuzi akiwa mmoja. Wewe kujibu ni bure, isipokuwa umetaka mwenyewe waamuzi watatu. Faini hakuna, fidia hakuna, parke haimo kabisa. Wanachoweza kuamuru ni domeni ihamishiwe mlalamikaji au ifutwe, basi. Na muda wa kujibu ni siku 20, unaweza kuomba 4 za nyongeza.

Ukipata barua ya namna hii, usibonyeze chochote ndani yake. Ingia kwenye akaunti yako kwa kampuni uliyonunulia domeni, uwaulize. Kesi ikiwa ya kweli watakuwa wanaijua, maana kituo huwaandikia wao kwanza kuhakikisha mwenye domeni ni nani, nao huifunga isihamishwe.

Wakisema ni kweli, hapo usinyamaze. Ukikaa kimya waamuzi wanasoma karatasi za upande mmoja. Mlalamikaji lazima athibitishe mambo matatu yote: kwamba jina linafanana na alama yake kiasi cha kuchanganya watu, kwamba wewe huna haki nalo wala sababu halali ya kulitumia, na kwamba ulilisajili na unalitumia kwa nia mbaya. Likianguka moja, kesi imeanguka. Kwa hiyo toa RCCM yako (usajili wa biashara), Id. Nat. (numero ya utambulisho wa kitaifa), fakture za zamani, picha ya butike yenye kibao, tarehe uliyonunua domeni. Kama ulilinunua kabla alama yao haijakuwepo, andika hilo juu kabisa.

Na tafadhali, usijibu kwa hasira "basi nipeni dola 5,000 muchukue". Nawajua watu wetu, ndilo jibu la kwanza linalotoka mdomoni. Sentensi hiyo wataibandika kwenye dosye kama ushahidi kwamba ulinunua jina ili kuwauzia.

Huyu mtu ana ujanja wa pili, na kwangu mimi ndio mbaya zaidi. Asiye na dola anaambiwa: "Nipe basi numero ya siri ya kuhamisha domeni, niilinde mpaka kesi iishe." Hakuna avoka wala kituo kinachohitaji numero hiyo. Ukimpa, na domeni haijafungwa, anaihamishia kwake na imeli zako zote zinakwenda nayo.

Aliyekwisha kutuma makuta, ahifadhi ile SMS ya M-Pesa na apige huduma ya wateja leo hii. Aliyekwisha kutoa numero ya siri, afungue imeli yake sasa, pamoja na spam. Kampuni uliyonunulia domeni huwa inakuandikia kabla ya kuiachia, na ukikaa siku 5 bila kukataa, domeni inaondoka. Kataa palepale, funga domeni, omba numero mpya, badilisha na neno la siri la akaunti.