Fomu, kifurushi au wakili wako mwenyewe: tathmini ya huduma za kisheria za kununua na kuuza nyumba

Msaada wa kisheria kwa anayenunua au kuuza nyumba unauzwa kwa sura tatu. Kuna fomu ya mkataba, ambayo unailipia, unaijaza na kuisaini. Kuna kifurushi cha bei moja, mara nyingi cha mtandaoni: unajibu maswali, karani anashughulikia makaratasi, wakili anayapitia mwishoni. Na kuna wakili unayemteua mwenyewe, akabeba jambo lako tangu mazungumzo ya bei hadi usajili. Zote tatu tumezipima kwa kipimo kimoja: ni kazi gani inafanyika kabla mteja hajaweka saini. Saini ikishawekwa, hata wakili hodari anabaki kuokoa kinachookoleka.

Tuanze na fomu, maana ndiyo inayoumiza wengi. Baadhi zimeandikwa kwa lugha safi kabisa. Kasoro yake ni kwamba fomu haiendi kwa msajili wa hati. Ina nafasi ya kuandika jina la muuzaji, lakini haiwezi kukwambia kwamba jina hilo halimo kwenye daftari la msajili, linaloonyesha nani anamiliki nini, kwamba nyumba ina mmiliki wa pili, au kwamba bado ni mali ya marehemu na msimamizi wa mirathi hajateuliwa. Asiye na umiliki hana cha kukuhamishia. Ukishamlipa, unabaki na madai dhidi ya mtu, na nyumba huna. Sharti la kuuza ardhi kwa maandishi ni la zamani. Uingereza iliandika sheria yake mwaka 1677, na nchi nyingi zina kanuni ya namna hiyo. Watu wamelichukua sharti hilo wakadhani ndilo lote. Maandishi lazima yawepo, lakini peke yake hayampi mtu nyumba.

Kisha soma kipengele cha malipo cha fomu ya kawaida: "Salio litalipwa siku ya makabidhiano." Makabidhiano ya nini? Ufunguo, hati ya uhamisho iliyosainiwa, au usajili uliokamilika? Hizo ni siku tatu tofauti, na kati yake zinaweza kupita wiki kadhaa. Mnunuzi anayelipa yote kwa kupewa ufunguo analala katika nyumba yenye jina la mwingine. Muuzaji anayeachia hatimiliki halisi kabla salio halijawekwa mahali salama amebaki na ahadi tu. Kipengele kilichoandikwa sawasawa kinataja kiasi, tarehe, akaunti ya wateja (ya wakili, ya kutunzia fedha za wateja tu) inayoshikilia fedha, tukio linaloruhusu fedha hizo kutolewa, na nini kitafuata upande mmoja ukichelewa: riba, notisi ya siku ngapi, na hatima ya amana, yaani malipo ya awali.

Kifurushi cha bei moja ni afadhali zaidi, na kwa jambo jepesi kinatosha: mmiliki mmoja aliye hai, nyumba iliyosajiliwa, haina mkopo, haina mpangaji. Orodha zake za maswali ni nzuri na mteja anaona faili limefika wapi. Lakini soma kilichoachwa nje ya bei. Fleti, nyumba iliyowekwa rehani, hati ya miaka maalumu, mali ya mirathi: mara nyingi kila kimoja kinaongeza ada. Dai mchanganuo unaotenga ada ya wakili na malipo yanayokwenda nje, yaani kodi, ushuru wa stempu, ada za usajili na za upekuzi (kukagua kilichoandikwa kwenye daftari). Bei ya tangazo kwa kawaida inahesabu ada ya wakili peke yake. Uliza pia ni wakili gani, kwa jina, anayewajibika kwa faili lako, kisha hakikisha mwenyewe kwenye orodha ya chama cha mawakili kwamba leseni yake ni hai.

Swali linalotenganisha huduma nzuri na mbovu ni hili: mtafanya upekuzi wa daftari mara ngapi, na wa mwisho utakuwa lini? Upekuzi ni picha ya siku moja. Baada ya siku hiyo mtu anaweza kuweka zuio, benki ikasajili rehani, mahakama ikatoa amri. Uingereza na Wales wameziba pengo hilo kwa upekuzi unaompa mnunuzi kipaumbele kwa siku 30 za kazi. Ujerumani wao huandikisha tahadhari kwenye daftari kwa faida ya mnunuzi. Pasipo na kinga kama hiyo, upekuzi urudiwe karibu kabisa na saa ya kutoa fedha, hata asubuhi ya siku yenyewe. Kifurushi kinachojibu "mara moja tu" hatukipendekezi kwa mtu yeyote.

Na matokeo ya upekuzi yasomwe yote. Mara nyingi yana sehemu tatu: maelezo ya mali, mmiliki, na mizigo iliyo juu ya mali. Wengi wanakimbilia jina, wakishaliona wanatulia. Tazama eneo. Hati inasema hekta 0.045, muuzaji anasema robo ekari. Hekta 0.045 ni mita za mraba 450. Robo ekari ni takriban 1,012. Zaidi ya nusu ya kiwanja unachoonyeshwa haimo kwenye hati unayonunua, na hilo litagunduliwa na mpimaji anayekwenda kwenye vigingi vya mpaka akiwa na ramani mkononi. Tazama na muda. Hati ya miaka 99 iliyoanza Januari 1965 inakwisha Desemba 2063. Atakayekopa mwaka 2030 kwa miaka 25 atamaliza deni mwaka 2055, na hati itakuwa imebakiza miaka minane na ushee. Benki inaweza kukataa, na hata ikikubali, siku ya kuuza utapata shida ya mnunuzi.

Wakili wako mwenyewe ndiye tunayempa nafasi ya kwanza, mradi afanye kazi ya wakili. Mzuri utamjua kwa maswali yake wiki ya kwanza. Atataka kitambulisho na maelezo ya chanzo cha fedha. Usikasirike, sheria za kuzuia utakatishaji fedha zinamtaka aulize. Atauliza nani mwingine anachangia, kama ridhaa ya mwenzi inahitajika, na nani analala kwenye nyumba hiyo sasa hivi. Swali hili la mwisho lina uzito kuliko linavyosikika. Mfumo wa usajili ulioanzishwa Australia Kusini mwaka 1858, ambao umeenea nchi nyingi, ulikusudia daftari liseme kila kitu. Hata hivyo sheria nyingi zimeacha haki ambazo hazionekani humo, zikiwemo za wakaaji. Mpangaji wa chumba cha uani asiyetajwa kwenye mkataba anaweza kuwa wako siku ya kuhamia.

Wakili ndiye pia atakayekwambia ni siku gani hasa unafungwa, maana ushauri wa ndugu aliyenunua nchi nyingine hausafiri. Uingereza kukubaliana bei hakumfungi mtu. Pande mbili hufungwa zinapobadilishana nakala za mkataba zilizosainiwa. Ufaransa mnunuzi wa makazi ana siku 10 za kujitoa baada ya mkataba wa awali. Ujerumani mkataba wa nyumba usiopita kwa notari, yaani mwanasheria anayethibitisha mikataba rasmi, ni batili. Notari naye, pale anapohitajika, husimama katikati. Kukutetea wewe si kazi yake.

Wakili mmoja kwa pande mbili? Inapunguza gharama, na tunaikataa. Mgogoro ukizuka juu ya amana au ucheleweshaji, atalazimika kujitoa kwa wote, nawe utaanza upya na mtu asiyelijua faili, tena wakati mbaya kuliko wote.

Wauzaji wanahudumiwa vibaya na karibu huduma zote, kana kwamba wao kazi yao ni kupokea tu. Muuzaji anahitaji barua ya benki yenye kiasi kamili cha kumaliza mkopo hadi tarehe fulani, marekebisho ya majina yasiyolingana kati ya hati na kitambulisho, vibali vya vyumba vilivyoongezwa, na hesabu ya kodi kabla hajataja bei. Majibu yake kwa maswali ya mnunuzi yapite kwa wakili, kwa sababu jibu la uongo kuhusu mpaka au mgogoro linaweza kumrudia kama kesi ya fidia hata baada ya kuuza. Hata tangi la maji na hita viandikwe kama vinabaki au vinaondoka.

Katika sura zote tatu kuna hatari moja ambayo haijali ada uliyolipa: barua pepe inayosema akaunti ya malipo imebadilika. Wahalifu huingia kwenye mawasiliano, wakasubiri wiki ya malipo. Usilipe kabla ya kupiga namba uliyopewa mkutano wa kwanza, kamwe si ile iliyo kwenye ujumbe huo. Ofisi makini inakuandikia tangu mwanzo kwamba haibadilishi akaunti kwa barua pepe.

Mwisho, angalia faili linafungwa lini. Vifurushi vingi vinalifunga fedha zikishapita. Mkataba wako na wakili useme kazi inakwisha ukiwa umekabidhiwa hatimiliki yenye jina lako au uthibitisho wa usajili, risiti za kodi na stempu, uthibitisho kwamba rehani ya muuzaji imefutwa, hesabu ya kila fedha iliyopita kwenye akaunti ya wateja, na upekuzi mmoja wa ziada, uliofanywa baada ya usajili, unaoonyesha jina lako.